Mwalimu wa Udereva na Mafuta ya Simsim

Somo lilianza pale Mwalimu alipovua viatu, na lilikwisha pale alipovivaa. Katikati ya hayo mawili hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuuliza saa. Aliingia upande wa abiria, akaviweka viatu vyake vyeusi chini ya kiti, visigino nyuma, ncha mbele, akakanyaga sakafu ya gari kwa nyayo tupu, kisha akasema kwa sauti ya uwanja wa gwaride: "Haya, washa. Hapana ogopa. Hii ni gari, si mama mkwe."

Wengi walidhani anavua viatu kwa ajili ya usafi. Mchungaji mmoja aliyejifunza kwake alidhani ni namna ya ibada. Mimi nilidhani ni tabia ya jeshini, kwa sababu Mwalimu aliendesha malori ya jeshi kabla ya kuwageukia raia wa Arua, huku Uganda, na nimeona kwamba mtu aliyevaa buti muda mrefu hufurahia kila nafasi ya kuzivua. Sote tulikosea.

Tulikuwa majirani mtaa wa Awindiri, ukuta wake na wangu ukiwa mmoja. Kazi yangu ni kutengeneza redio na vifaa vya umeme wa jua, na nyingi ya kazi hiyo nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kufungua. Udereva pia nilitaka kuujifunza hivyo. Nilisoma kwanza, nikaelewa klachi inavyofanya kazi, nikachora gia zote kwenye karatasi, ndipo nikaenda kwake nikiwa tayari nina mvi. Aliniacha niendeshe hadi kona ya kwanza, akanitazama kwa huruma.

"Fundi," akasema, "wewe iko naendesha kitabu. Kitabu haina breki."

Kila mtu alikuwa na sentensi yake aliyopewa na Mwalimu. Mchungaji niliyemtaja alikuwa na desturi ya kufumba macho kidogo na kuomba kabla ya kuingia mzunguko wa barabara mjini. Mwalimu alimvumilia siku ya kwanza. Siku ya pili akamwambia, "Mchungaji, Mungu anaona barabara. Wewe pia ona." Muuza samaki mmoja mwenye mwili mkubwa, aliyeogopa kugusa usukani, aliambiwa, "Mama, shika kama samaki ambaye mteja amekwisha lipa." Mama yule anaendesha gari lake mwenyewe leo, tena kwa kasi isiyopendeza.

Masomo yake yalikuwa marefu kuliko ya shule nyingine kwa sababu ya salamu. Akikupeleka Dadamu au Logiri kwenye barabara za udongo, na mbele yako ukatokea ng'ombe au mbuzi, hukuruhusiwa kupiga honi. Ulitakiwa kusimama, kuzima injini, kushusha kioo na kumsalimu mwenye mifugo: habari ya nyumbani, habari ya shamba, habari ya mgonjwa kama yuko. Wakati huo mbuzi walipita kwa raha zao. Nikamwuliza faida yake. Akajibu kwamba dereva akiwajua watu wa barabarani kwa majina, mguu wake unakuwa mwepesi kwenye breki. Jambo hili sijaliona katika kitabu chochote, na sijaweza kulipinga.

Juu ya hayo yote ilikuwepo sheria moja, ambayo kila mwanafunzi aliirudia kwa sauti kabla ya kugusa ufunguo: taa ya onyo ikiwaka, simama. Usikadirie, usiseme utafika kwanza. Simama. Karani mmoja wa ofisi kubwa mjini aliwahi kupita kituo cha mafuta huku taa ya mafuta ikiwaka, akaeleza kwamba anajua gari bado linaweza kwenda. Mwalimu alivaa viatu palepale, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu, akimwacha karani na gari ambalo si lake katikati ya barabara.

Lakini asidhaniwe kuwa mtu wa mstari mmoja. Alihubiri vioo, naye alirudi nyuma bila kutazama kimoja. "Nasikia ukuta," alisema. Alihubiri utulivu, na mkewe alipochelewa kutoka alipiga kelele ambazo watoto wa mtaa walizigeuza mchezo. Alifundisha nusu ya mji kuendesha, lakini nje ya somo hakukubali kuendeshwa na mtu yeyote, hata alipougua malaria. Na ingawa alizungumza habari za injini kama daktari anavyozungumza habari za moyo, ndani ya injini alijua vitu vichache sana, na alivijua kwa uhakika wa kutisha.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Hajati, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye ulimi uliokamilika. Wote wawili ni watu wa Koboko. Hajati hakuwahi kukaa kwenye kiti cha dereva na alisema hatakaa. "Gari moja, kichwa moja," alisema. "Mimi nitabaki na jiko yangu."

Basi siku moja Mwalimu alirudi kutoka karakana na gari lake dogo la Kijapani likitoa sauti ambayo hatukuifahamu. Boksi jeusi la plastiki linalokaa kwenye injini na kubeba chujio la hewa lilikuwa limeondolewa. Mahali pake vijana wa karakana walifunga bomba la chuma linalong'aa, na mwisho wa bomba chujio jipya, filta nyekundu yenye umbo la koni, wazi kabisa, kama zile za magari ya mashindano. Ukikanyaga mafuta, gari lilivuta pumzi kama fahali aliyetia pua ndani ya mtungi.

Awindiri nzima ilitoka nje. Mzee wa umri ule, mwenye sheria zile! Hajati alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Majirani, mume wangu ameoa tena," akatangaza. "Na bibi arusi anakoroma."

Mwalimu alisema injini ilihitaji hewa.

Kabla juma halijaisha, taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, rangi ya chungwa, katikati ya somo, mwanafunzi akiwa kwenye usukani karibu na soko. Mwanafunzi alisimama kama alivyofundishwa. Mwalimu alivaa viatu. Gari likasukumwa hadi nyumbani, na kuanzia hapo masomo yakasimama, kwa maana Mwalimu hakuwa mtu wa kuipaka sheria yake rangi nyingine kwa sababu imemgeukia yeye. Wanafunzi walikuja asubuhi, wakaikuta taa, wakarudi. Mjini ilikuwa imefunguliwa shule mpya ya udereva, yenye magari meupe na wakufunzi vijana, na wachache walianza kwenda huko. Kila mtu mtaani alijua hesabu yake: taa isipozimika, Mwalimu si mwalimu tena.

Alikuja kwangu kwa sababu nina kifaa kidogo cha kusoma hitilafu za gari. Unakichomeka chini ya usukani, nacho kinaongea na kompyuta ya gari na kuonyesha namba kwenye simu. Kila namba ina maana yake. Nilimweleza hivyo taratibu. Alikitazama kifaa kile, ambacho hakizidi ukubwa wa kiberiti, kwa chuki.

"Kwa hiyo gari iko nanisema kwa hii."

"Gari linaeleza linaumwa wapi, Mwalimu."

"Mutu anakaa ndani ya nyumba yako, anaona yote, halafu anaambia jirani. Huyo tunaita nani?"

"Mbea," nikasema.

"Ehe. Leta mbea."

Na jina la kifaa likawa hilo.

Namba ya kwanza ilikuwa P0113, ambayo kwa maneno ya kawaida inasema: sijui hewa inayoingia ina joto gani. Nikafungua boneti. Kwenye boksi la zamani kulikuwa na sensa, kipimaji kidogo cha joto. Vijana walipotoa boksi waliitoa na sensa yake, wakaacha waya unaning'inia. Sensa tuliikuta nyuma ya jiko, bado imekaa kwenye boksi, na juu ya boksi alikuwa amekaa kuku wa Hajati akilalia mayai. Kuku alipinga. Nilipata sensa na alama mbili za mdomo mkononi. Nilitoboa tundu kwenye bomba jipya, nikaifunga sensa kwa mpira, nikachomeka waya, nikafuta namba. Taa ikazimika.

Kesho yake iliwaka tena. Safari hii namba ilisema injini inapata hewa nyingi mno kwa mafuta yake. Sikupenda kubahatisha. Niliacha injini ikiunguruma na kupulizia maji ya sabuni kwenye viungo vya bomba, kimoja baada ya kingine, na penye kiungo karibu na injini povu lilinyonywa ndani. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupimwa. Vijana walikuwa wamekosa kibano cha kipimo kile, wakafunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, kama tunavyofunga mizigo sisi sote. Tyubu inafunga godoro vizuri. Haifungi hewa. Nikatafuta kibano cha chuma, nikafunga, nikafuta namba.

"Sasa?" akauliza Mwalimu.

"Tusubiri."

"Mimi nasubiri. Wanafunzi hapana subiri."

Taa ilikaa kimya muda wa kutosha kutupa matumaini, wanafunzi wakaanza kurudi, na jambo la ajabu likaanza kusemwa mtaani: gari la Mwalimu linanukia chakula. Muuza samaki, aliyekuja kumsalimu, alisema linafanana na jiko la harusi. Wakati huohuo Hajati alikuwa na kesi yake upande wa pili wa ukuta. Mafuta yake ya simsim, yaliyokamuliwa kwao Koboko, yalikuwa yanapungua kwenye chupa na hakuna aliyekaanga kitu. Alimshuku paka, kisha mimi.

"Fundi, kwako munakula nini siku hizi?"

"Kama kawaida, Mama Hajati."

"Ngozi yako iko nang'ara."

Taa ilipowaka mara ya tatu, namba ilihusu sensa nyingine, ile inayopima kiasi cha hewa kinachopita. Ndani yake mna waya mwembamba kuliko unywele, wenye joto, na kazi yake yote inategemea waya huo kuwa msafi. Niliitoa. Waya ulikuwa umefunikwa na utando wa rangi ya asali. Nikaunusa. Nikaigusa filta nyekundu, ikaacha mafuta kwenye vidole vyangu. Hajati, aliyekuwa akipita na beseni, alisimama. Alikuja, akashika mkono wangu kama anashika ushahidi, akanusa.

"Simsim yangu," akasema polepole.

Mwalimu hakukana. Alisimama wima, kidevu juu.

"Filta kavu ni makosa," akasema. "Jeshini ukikutwa na filta kavu unalala ndani."

Hapo ndipo nilipoelewa, na kusema kweli hakuwa amekosea kwa mtu wa malori yake. Malori ya zamani yalikuwa na bakuli la mafuta kwenye njia ya hewa. Hewa ilipita juu ya mafuta, vumbi likanaswa, na dereva aliyesahau kujaza bakuli alikuwa ameua injini. Kila asubuhi aliyoishi jeshini Mwalimu alikagua mafuta ya filta. Alipoona koni hii mpya, iliyo wazi kabisa kwa vumbi la Logiri, alifanya alichofundishwa. Akakosa mafuta ya mashine, akachukua yaliyokuwa karibu.

"Ungetumia ya alizeti basi!" alipiga kelele Hajati. "Simsim! Ya mama yangu! Unapaka huyu mke wako mdogo!"

"Gari iko kula kitu nzuri," akasema Mwalimu. Hajati akaweka beseni chini ili aweze kucheka vizuri.

Nilimwambia Mwalimu maoni yangu, nikiyapanga kwa utaratibu. Bomba lile limeleta matatizo matatu. Boksi la zamani lipo, kuku anaweza kuhamishwa. Tukirudisha kila kitu kama kiwanda kilivyokusudia, gari litanyamaza na taa itazimika moja kwa moja.

Mwalimu alingoja mkewe aingie ndani.

"Ndiyo hiyo shida, Fundi," akasema. "Itanyamaza."

Akaniambia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ndogo, au pengine aliyoidhania ndogo. Alifundisha kwa sikio. Mwanafunzi akichelewa kubadilisha gia, injini inalia, naye anasema neno kabla gari halijatetemeka. Kabla ya bomba lile, injini ilikuwa imeacha kulia. Mwanzoni alifurahi, akadhani imekuwa nzuri sana. Kisha akaona redio yake nayo imenyamaza, na honi za bodaboda, na mkewe.

"Hajati kunyamaza," akasema, "hapo nikajua iko ugonjwa."

Nikaikumbuka ile redio. Aliniletea akisema imedhoofika. Niliifungua, nikapima spika, nikakuta kila kitu sawa, nikamrudishia. Akaileta tena. Nikapima tena, kwa makini zaidi. Nikakumbuka pia alivyogonga lango lake mwenyewe akirudi nyuma, tukalilaumu lango.

"Na viatu?" nikauliza.

"Lori kumi iko kwenye msafara, zote napiga kelele. Yako utasikia na nini? Na mguu. Sakafu inaambia mguu." Akautazama mguu wake bila heshima. "Lakini mguu inachelewa. Hii bomba inapiga kelele, sikio inapata kidogo. Ukitoa hii, mimi iko basi. Na mutu gani ataleta mtoto wake kwa mwalimu hapana sikia?"

Nilimwuliza kuhusu honi. Alisema ana macho. Nikamwambia macho bila kioo hayatoshi, na kwamba nitaliacha bomba kwa sharti moja: kioo cha pili upande wake, naye akitazame. Alikubali kwa uchungu, kama mtu anayeahidi kuacha sigara.

Nilisafisha ule waya kwa spiriti ninayosafishia redio, kwa kupulizia tu, bila kugusa. Filta niliiosha kwa sabuni mara kadhaa mpaka maji yakaacha kunukia karamu, nikaianika juani hadi ikauka kabisa. Nilimwonyesha jinsi ya kukung'uta vumbi. Mafuta, nilimwambia, ni marufuku. Hajati alihamisha chupa chumbani kwake, chini ya ufunguo. Kisha tukaenda Koboko kwa majaribio, mimi kwenye usukani, kwa kuwa kwake lilikuwa somo. Tulipanda na kushuka vilima kwa mngurumo ambao uliwafanya watu wainuke mashambani. Taa haikuwaka kwenda, haikuwaka kurudi. Tulipoingia Awindiri alipiga dashibodi kofi.

"Mbea amekosa habari!"

Alifundisha tena baada ya hapo, mwaka na zaidi. Wanafunzi waliuliza kuhusu kelele, akawaambia ni hewa. Siri yake sikuisema popote. Aliacha mwenyewe, asubuhi moja, baada ya bodaboda kupita upande wa nyuma ikipiga honi kwa nguvu, na mwanafunzi kukata kona bila Mwalimu kusema neno. Hakuna aliyeumia, mwenye bodaboda alipoteza mkungu wa matoke na alirudishiwa. Mwalimu alivaa viatu njiani. Nilikwenda kumwona jioni nikiwa nimeandaa maneno. Hakuyahitaji. "Sheria ni simama," akasema. Mwezi uliofuata walirudi Koboko, na upande wa pili wa ukuta wangu kukawa na kimya ambacho sikukizoea.

Nilimwona tena juzi, baada ya muda mrefu. Nilikwenda Koboko kufunga umeme wa jua kwenye duka la mtu, na nikiwa juu ya paa nilisikia yule fahali na mtungi wake. Gari lilikuja polepole sana, likasimama kando ya barabara chini yangu. Mwalimu alikuwa upande wa abiria. Kwenye usukani, juu ya mto wa kiti, shingo imenyooshwa ili aone mbele, alikuwa Hajati.

Nilishuka ngazi. Mwalimu alifurahi, akaniuliza habari za nyumbani, akajibu mwenyewe kwa kuwa hakusikia jibu. Miguu yake ilikuwa wazi juu ya sakafu. Taa ya injini ilikuwa inawaka.

"Umefika vizuri," akanguruma. "Taa imewaka, tumesimama. Leta mbea!"

Kifaa nilikuwa nacho kwenye mfuko wa kazi. Nilipoinama upande wa dereva kukichomeka, nikamwuliza Hajati kimya kimya tangu lini anaendesha.

"Mwanafunzi wote walikwisha," akasema, akitazama mbele. "Alikuwa anakaa ndani ya gari peke yake, bila viatu. Sasa ningefanya nini? Nikasema, nifundishe."

"Na anasikia?"

"Kitu hapana. Lakini gia nikichelewa, anajua. Mguu ile!" Akashusha sauti, ingawa haikuwa lazima. "Fundi, yeye hachoki. Asubuhi gari, jioni gari. Na mimi leo nina wageni, sijaweka hata sufuria."

Simu ikaonyesha namba. P0113: sijui hewa inayoingia ina joto gani. Nilikwenda mbele, nikafungua boneti. Filta ilikuwa kavu na safi. Sensa ya joto ilikuwa mahali pake, kwenye tundu nililotoboa mwenyewe, na waya wake ulikuwa umechomolewa vizuri, bila kuvutwa, na kukunjwa kando. Juu ya plagi palikuwa na alama ya kidole chenye unga wa muhogo.

Nilishusha boneti, nikamtazama Hajati kupitia kioo. Alikuwa akiutazama usukani kama mtu anayesoma Kurani.

Mimi si mtu wa kubadilisha kipimo. Kifaa kikisema namba, nami husema namba hiyohiyo. Nilizunguka hadi dirisha la Mwalimu, nikaweka mdomo karibu na sikio lake.

"Mbea anasema nini?" akauliza.

"Anasema gari lipumzike leo!" nikapaza sauti. "Mpaka kesho!"

Akaitikia kwa kichwa kwa uzito, kama mtu anayepokea amri kutoka juu.

"Sheria ni sheria," akasema, akafungua mlango ili ashuke. Ndipo nilipoona kwamba viatu vyote viwili vilikuwa tayari miguuni, na kamba zimefungwa.